Je, Wajua? Mwongozo wa Kubuni Chipu Unaosomwa na Mashine

Ndani ya simu yako mna chipu zenye transista mabilioni. Hakuna binadamu anayezipanga moja moja. Kazi hiyo hufanywa na programu maalumu. Siku hizi programu hizo nazo zimeanza kuendeshwa na mawakala wa akili mnemba, yaani mifumo inayopewa lengo, ikasoma maelezo, ikatoa amri, ikatazama matokeo, kisha ikaamua hatua inayofuata. Wakala hana mhandisi mzoefu wa kumwendea na swali. Akijuacho kuhusu chombo alichokabidhiwa ni kile kilichoandikwa. Ndiyo maana uandishi wa miongozo, kazi iliyoachwa kwa miaka mingi kuwa ya mwisho kwenye orodha, sasa unaamua kama chipu itatoka nzima au mbovu. Haya ni baadhi ya mambo yanayofaa kujulikana.

Je, wajua kwamba Intel 4004 ilichorwa kwa kisu?

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa 4004, kichakataji kizima ndani ya chipu moja, chenye transista zipatazo 2,300. Umbo la kila tabaka lilikatwa kwa kisu kwenye utando mwekundu uitwao rubylith, mchoro ukiwa mkubwa mara mamia kuliko chipu yenyewe, kisha ukapigwa picha na kupunguzwa. Federico Faggin, aliyeongoza kazi hiyo, aliacha herufi F.F. za jina lake pembeni mwa chipu.

Mwaka 2020 Apple ilitoa M1 yenye transista bilioni 16. Mtu angechora transista moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, angehitaji zaidi ya miaka 500 kuimaliza. Hapo ndipo programu za kubuni chipu zilipopata nafasi: zilishika kazi ambayo umri wa mtu hauitoshi.

Je, wajua kwamba mapinduzi makubwa ya chipu yalianza kwa kuandika?

Hadi miaka ya 1970, siri za kutengeneza chipu zilikaa vichwani mwa wahandisi wa viwanda. Lynn Conway wa kituo cha utafiti cha Xerox PARC na Carver Mead wa chuo cha Caltech waliona kuwa sehemu kubwa ya siri hizo inaweza kufupishwa kuwa kanuni chache zilizo wazi: waya uwe na upana gani kwa uchache, nafasi kati ya waya na waya iwe kiasi gani. Wakazipima kanuni hizo kwa kipimo kimoja walichokiita lambda, ili zisipitwe na wakati kila kiwanda kinapopunguza ukubwa wa transista zake.

Mwaka 1978 Conway alifundisha somo hilo katika chuo cha MIT. Wanafunzi ambao hawakuwahi kubuni chipu walichora zao, michoro ikasafirishwa kwa mtandao wa ARPANET hadi California, na chipu zikatengenezwa katika kiwanda cha Hewlett-Packard. Baada ya wiki chache wanafunzi walikuwa wanazipima. Kitabu cha Mead na Conway, *Introduction to VLSI Systems*, kilichapishwa mwaka 1980, na mwaka 1981 ikaanzishwa huduma ya MOSIS ya kukusanya michoro ya vyuo vingi na kuitengeneza pamoja ili gharama igawanywe. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu mtu alikaa chini akaandika kilichokuwa hakijaandikwa.

Je, wajua kwamba VHDL ilizaliwa kama lugha ya nyaraka?

Leo VHDL ni mojawapo ya lugha mbili kubwa za kuelezea saketi za kidijitali. Nyingine ni Verilog. Lakini haikubuniwa kwa ajili ya kuunda chipu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa na tatizo: ilinunua vifaa vyenye chipu kutoka kwa wazabuni wengi, kila mmoja akieleza chipu yake kwa namna yake. Vifaa vya jeshi hudumu miongo mingi, na chipu ikiacha kutengenezwa ni lazima mtu mwingine aweze kuiunda upya. Wizara ikataka lugha moja ya kueleza kila chipu inafanya nini.

Baadaye wahandisi waligundua kwamba maelezo yaliyo sahihi kiasi hicho yanaweza kuendeshwa kwenye kompyuta kama jaribio, na kwamba programu inaweza kuyageuza kuwa saketi. Lugha ilipitishwa kuwa kiwango cha IEEE 1076 mwaka 1987. Nyaraka zilizoandikwa kwa umakini ziligeuka kuwa kifaa cha kazi.

Je, wajua kwamba lugha ya amri ya vyombo vingi vya chipu ilitokana na kero?

Katika miaka ya 1980, John Ousterhout na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika vyombo vya kubuni chipu, mojawapo kikiwa Magic, ambacho kinatumika hadi leo. Kila chombo kilikuwa na lugha yake ndogo ya amri, iliyotungwa kwa haraka na yenye upungufu mwingi. Mwaka 1988 Ousterhout aliamua kutunga lugha moja ndogo inayoweza kupandikizwa ndani ya chombo chochote. Ndiyo Tcl.

Vijana wengi wanaojifunza kompyuta leo hawajawahi kuiona, lakini katika ubunifu wa chipu Tcl haikwepeki. Hapa ndipo wakala anapoyumba. Amesoma Python na JavaScript kwa wingi usio na kifani. Tcl ya vyombo vya chipu ameisoma kidogo sana, kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi yake imefungiwa ndani ya makampuni. Mahali ambapo kumbukumbu yake ni haba, mwongozo unapaswa kuwa na mifano mingi zaidi, tena mifano iliyokamilika, inayoweza kuendeshwa kama ilivyo.

Je, wajua kwamba OpenROAD ilikusudiwa tangu mwanzo kufanya kazi bila mtu?

Mwaka 2018 taasisi ya utafiti wa kijeshi ya Marekani, DARPA, ilifadhili mradi wa OpenROAD ulioongozwa na Andrew Kahng wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Lengo liliandikwa waziwazi: kutoka maelezo ya saketi hadi mchoro tayari kwa kiwanda, ndani ya saa 24, bila binadamu kuingilia kati. Programu ikawa huria. Yeyote anaweza kuisoma na kuitumia bila kulipia leseni.

Jambo la kuzingatia ni kwamba "bila binadamu" wakati ule kulimaanisha programu inayojiamulia ndani kwa ndani. Miaka michache baadaye akaja msomaji ambaye hakuna aliyemtarajia: wakala anayekaa nje ya programu, anayesoma mwongozo uleule ulioandikiwa wahandisi, na kutoa amri mwenyewe. Programu ilikuwa tayari kwa ajili yake. Maandishi hayakuwa tayari.

Je, wajua kwamba njia moja maarufu ya kubuni chipu ina mizizi Cairo?

Mohamed Shalan, profesa wa Chuo Kikuu cha Marekani mjini Cairo, ndiye aliyekuwa mbele katika kuunda OpenLane, mfumo unaounganisha OpenROAD, Yosys, Magic, KLayout na vyombo vingine kuwa mnyororo mmoja. Makala yake na Tim Edwards kuhusu OpenLane ilitolewa mwaka 2020. Mwaka huohuo Google na kiwanda cha SkyWater cha Minnesota waliweka hadharani kanuni za kiwanda hicho za nanometa 130. Teknolojia hiyo ilikuwa ya kisasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kubuni chipu halisi ya kiwanda bila kutia saini mkataba wa kutunza siri.

Kampuni ya Efabless, iliyoilea OpenLane, ilifunga shughuli zake mwaka 2025. Chombo hakikufa nayo. Msimbo na maelezo yalikuwa huria, na warithi wanakiendeleza chombo kwa jina la LibreLane chini ya taasisi ya FOSSi Foundation. Kampuni ilipoondoka, kilichobaki ni kile kilichokuwa kimeandikwa.

Je, wajua kwamba folda inaweza kumsimulia wakala hadithi nzima?

Safari ya chipu ina hatua nyingi: kukagua msimbo, kuugeuza kuwa seli za kiwanda (vipande vidogo vya saketi vilivyo tayari), kupanga eneo, kuweka seli mahali pake, kusambaza saa, kutandaza nyaya, kisha ukaguzi. Mwishoni hutoka faili la GDSII, mtindo uliobuniwa na kampuni ya Calma mwaka 1978 na ambao viwanda bado vinaupokea.

Katika LibreLane kila hatua huacha folda yake yenye namba ya mpangilio na jina la hatua. Ya kwanza kabisa ni ukaguzi wa Verilog kwa chombo cha Verilator. Kazi ikikwama, wakala hahitaji kusoma logi ndefu kutoka juu hadi chini. Anatazama folda yenye namba kubwa kuliko zote, na hapo ndipo kazi iliposimama. Matokeo ya mwisho yamo pia katika faili la metrics.json, kila kipimo na jina lake kamili: kuna timing__setup__ws, kuna timing__hold__ws, na mengine mengi. Mwongozo mzuri kwa wakala humwambia mapema kwamba faili hilo lipo, liko wapi, na kila jina lina maana gani. Bila sentensi hizo tatu, atapekua logi kwa kubahatisha na kumaliza nafasi yake ya kusomea, yaani kiasi cha maandishi anachoweza kushika kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba wakala husahau?

Wakala ni sawa na kibarua aliyefika leo asubuhi: ana nguvu, anajituma, amesoma mengi, lakini hajui desturi za karakana yako, na kesho atakuja tena akiwa hakumbuki chochote cha leo ambacho hakikuandikwa. Kila anachohitaji lazima kiingie katika nafasi ya kusomea ya wakati huo, na nafasi hiyo ina mwisho.

Zaidi ya hapo, utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Nelson Liu wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake ulionyesha kwamba mifumo ya lugha iliyopimwa ilitumia vizuri zaidi habari zilizo mwanzoni na mwishoni mwa andiko refu, na kupoteza zilizo katikati. Kwa mwandishi wa mwongozo, fundisho ni la moja kwa moja. Onyo la hatari likizikwa ukurasa wa arobaini, halipo. Kila ukurasa usimame peke yake, utaje chombo na toleo lake, uanze na jambo zito, na usimtume msomaji kurasa nyingine tano ili aelewe amri moja.

Je, wajua kwamba kukosa neno moja la kipimo kunaweza kukuza chipu mara mia?

Tazama kigezo kimoja cha OpenLane: FP_CORE_UTIL. Kinaeleza ni sehemu gani ya eneo la ndani la chipu ijazwe na seli. Kipimo chake ni asilimia, na kisipowekwa huchukuliwa kuwa 50. Sasa fikiria wakala anayedhani kipimo ni sehemu ya moja, akaandika 0.5 akikusudia nusu. Chombo kitaelewa nusu ya asilimia moja, na eneo litakuwa kubwa mara 100 kuliko alivyokusudia.

Hilo si kosa la uvivu. Katika OpenROAD, amri ya kuweka seli hupokea msongamano kama sehemu ya moja; usipoutaja, huchukua 0.7. Katika toleo la kwanza la OpenLane kigezo cha msongamano, PL_TARGET_DENSITY, nacho kilikuwa sehemu ya moja. Katika toleo la pili kikawa PL_TARGET_DENSITY_PCT, kwa asilimia. Wakala aliyejifunza kutokana na mifano ya kale ana haki ya kuchanganyikiwa. Waliobadilisha jina walifanya vyema: herufi PCT mwishoni zinabeba kipimo ndani ya jina lenyewe. Jedwali la vigezo vya toleo hilo nalo linaonyesha, kwa kila kigezo, aina yake, maelezo, thamani ya awali na kipimo. Kilichobaki kwa mwandishi ni kuongeza sentensi moja kwa ajili ya wanaotoka toleo la zamani: jina limebadilika, na kipimo pia.

Je, wajua kwamba ujumbe wa hitilafu ni sehemu ya mwongozo?

Ujumbe wa OpenROAD hutoka na alama: herufi tatu za sehemu ya programu na namba ya tarakimu nne. Kwa mfano, GPL ni uwekaji seli wa jumla, DPL ni uwekaji wa kina. Hitilafu ya GPL-0302 hutokea pale msongamano ulioombwa unapokuwa mdogo kiasi kwamba seli hazienei. Ujumbe wenyewe unamshauri mtumiaji aongeze msongamano au apanue eneo, tena unataja msongamano uliotolewa na ule unaopendekezwa. Wakala anaposoma maneno hayo, hahitaji kingine. Anarekebisha na kuendelea.

Linganisha na ujumbe unaosema tu kwamba uwekaji umeshindikana. Hapo wakala ataanza kubadilisha vigezo ovyo, kimoja baada ya kingine, kila jaribio likila dakika au saa. Namba ya kudumu husaidia kwa njia nyingine pia: inatafutika. OpenROAD imetengenezewa kurasa za mwongozo kwa mtindo wa Unix, na sehemu ya tatu ya kurasa hizo imetengwa kwa ajili ya ujumbe wa programu: taarifa, maonyo na hitilafu. Mtindo huo wenyewe una historia ndefu, kwani mwongozo wa kwanza wa Unix ulitolewa Novemba 1971, mwezi uleule Intel ilipotangaza 4004.

Je, wajua kwamba mwongozo unaweza kufanyiwa mtihani?

Adui mkubwa wa nyaraka ni msimbo unaobadilika huku maandishi yakibaki palepale. Mhandisi mzoefu akikuta amri iliyofutwa, hucheka na kutafuta mpya. Wakala huiamini. Ataiandika, itakataliwa, ataiandika tena kwa namna nyingine.

Watunzaji wa OpenROAD wameweka ukaguzi unaolinganisha amri zilizomo katika msimbo wa Tcl na zilizoelezwa katika faili la maelezo la kila sehemu. Idadi zisipolingana, ukaguzi unapiga kelele. OpenLane ya pili na LibreLane zimekwenda mbele zaidi: majedwali ya vigezo hutolewa moja kwa moja kutoka kwenye msimbo wa Python unaotangaza vigezo hivyo, hivyo aliyeongeza kigezo bila kukieleza huonekana papo hapo. Hatua inayofaa kufuata ni kuendesha kila mfano ulio katika mwongozo kila mara programu inapobadilishwa, kama msimbo wowote unavyojaribiwa.

Je, wajua kwamba kuna hitilafu inayosameheka na hitilafu inayoua?

Ishara ikishindwa kufika kabla ya mdundo wa saa, chipu inaweza kuokolewa hata baada ya kutengenezwa: punguza kasi ya saa, ishara ipate muda. Lakini ishara mpya ikiwahi mno na kuifuta iliyotangulia kabla haijashikwa, kupunguza kasi hakusaidii kitu. Chipu hiyo imeharibika moja kwa moja. Katika jedwali la matokeo, makosa hayo mawili, la kwanza likiitwa setup na la pili hold, yanakaa jirani na yanafanana kwa sura: namba hasi mbili. Mwongozo usiotofautisha uzito wake unamwacha wakala akihangaika na lile jepesi.

Kuna jambo zito zaidi. LibreLane imeweka vigezo vya kuamua kama ukaguzi fulani uendeshwe au la, mfano RUN_MAGIC_DRC, ambacho kikizimwa, ukaguzi wa kanuni za kiwanda kwa chombo cha Magic haufanyiki. Wahandisi wana sababu halali za kukizima wakati wa majaribio ya haraka. Wakala aliyeambiwa "maliza bila hitilafu" anaweza kukiona kuwa njia ya mkato: ukizima ukaguzi, hitilafu hazihesabiwi. Kwa hiyo mwongozo wa wakala lazima useme bila kupepesa macho: hivi ni vigezo vya kutoguswa, kazi imekamilika pale tu ukaguzi wote umefanyika na hesabu ya makosa ni sifuri, na ukishindwa, simama umweleze binadamu.

Gharama ya kosa lililopenya inajulikana. Mwaka 1994 iligundulika kwamba chipu ya Pentium ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya, kwa sababu jedwali lililochomwa ndani yake lilikosa baadhi ya thamani. Intel ilitenga dola milioni 475 kufidia hasara hiyo.

Je, wajua kwamba mawakala wameanza kuandikiwa mafaili yao wenyewe?

Septemba 2024 Jeremy Howard alipendekeza llms.txt, faili fupi la kuuelekeza mfumo wa lugha kwenye kurasa muhimu za tovuti. Novemba mwaka huo kampuni ya Anthropic ilitoa Model Context Protocol, utaratibu wa kuunganisha mifumo ya akili mnemba na vyombo vya nje. Mwaka 2025 ukaenea mtindo wa AGENTS.md, faili linalowekwa ndani ya mradi na kumweleza wakala namna ya kuujenga, kuujaribu, na mipaka ya kutovuka.

Kwa chombo cha chipu, faili la aina hiyo halihitaji kuwa refu. Linataja amri moja ya kuanza na mradi mdogo unaojulikana kufanya kazi. Linaeleza vigezo vichache visivyokwepeka: jina la mradi, mafaili ya Verilog, mlango wa saa, na muda wa mdundo kwa nanosekunde. Linataja inachukua muda gani, ili wakala asidhani programu imeganda. Linaorodhesha hitilafu za mara kwa mara na dawa zake, na linafunga kwa masharti ya kazi iliyokamilika.

Je, wajua kwamba akili mnemba tayari imeshafikisha saketi yake kiwandani?

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walizungumza na GPT-4 hatua kwa hatua hadi wakapata kichakataji kidogo cha biti 8, katika mradi walioupa jina Chip-Chat. Saketi hiyo ilipelekwa kiwandani kupitia Tiny Tapeout, mpango ulioanzishwa na Matt Venn mwaka 2022 wa kuweka michoro midogo ya watu wengi kwenye chipu moja. Kipande kimoja cha msingi kina ukubwa wa karibu mikrometa 160 kwa 100.

Wakati ule binadamu ndiye aliyebeba maandishi kati ya mashine na mashine. Mwaka 2024 vikaja ORAssistant, msaidizi anayejibu maswali kuhusu OpenROAD kwa kutafuta kwanza katika nyaraka zake, na EDA Corpus, mkusanyiko wa maswali na majibu pamoja na maombi na skripti za chombo hichohicho. Vyote viwili vinategemea kitu kimoja. Nyaraka zikiwa na pengo, msaidizi anaweza kulijaza kwa kubuni. Zikiwa sahihi, ana nafasi kubwa zaidi ya kujibu kwa usahihi.

Je, wajua ni nani anayefaidika zaidi?

Huko Santa Clara nchini Marekani au Hsinchu nchini Taiwan, mhandisi kijana akikwama ana mzoefu wa kumwuliza ghorofa hiyohiyo. Mwanafunzi wa Dodoma, Kigali au Lubumbashi anayepakua LibreLane usiku hana mtu huyo. Nyeri nchini Kenya, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imejijenga ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini wazoefu wa fani hii katika kanda yetu bado ni wachache. Mwanafunzi huyo yuko katika hali ileile ya wakala: mbele yake kuna chombo na maandishi, basi.

Kwa hiyo kila kipimo kinachotajwa, kila hitilafu inayoelezwa pamoja na dawa yake, kila mfano unaoendeshwa bila kubadilishwa, humnufaisha yeye sawasawa na mashine. Kisha kuna mlango ulio wazi kwa wote. Miradi hii ni huria, na anayekuta ukurasa uliosahau kutaja asilimia au nanosekunde anaweza kutuma marekebisho leo, yakakaguliwa na kupokelewa kama msimbo wa mhandisi yeyote. Wanafunzi wetu wa uhandisi wanaotafuta mahali pa kuanzia katika ulimwengu wa chipu waanzie hapo: wafuate mwongozo neno kwa neno, waandike pale wanapokwama, na waurekebishe.